Mzee anasema aliingia skimu 1962, barua ya ploti inasema 1964: tuandike mwaka gani?

#1 Mwanakipipiri

Wakuu, salaam. Kuna kikundi kinachorekodi maisha ya wazee waliofungua skimu za Nyandarua, Kenya (makazi ya wakulima kwenye mashamba yaliyokuwa ya Wazungu), miaka ya sitini, kuanzia Kinangop na Kipipiri mpaka Ol Kalou na Ndaragwa. Hawatafuti viongozi wala matajiri. Wanawatafuta waliookota namba ya ploti kwa kura, wakapewa ploti kwa mkopo wa Settlement, idara ya serikali ya kugawa ardhi, na kuanza maisha na jembe na debe la mbegu. Wengi wao wameshavuka miaka themanini na tano, kwa hiyo kazi yenyewe haingoji.

Tatizo linalojirudia ni mwaka wa kuingia. Mzee anasema bila kusita, "tuliingia sitini na mbili." Ukiomba karatasi, inatolewa bahasha ya kahawia, na barua ya kugawiwa ploti ina muhuri wa 1964. Ni nyumba baada ya nyumba. Tofauti huwa mwaka mmoja au miwili, na karibu kila mara mzee ndiye anayetangulia karatasi. Kikundi kimegawanyika: wengine wanataka mwaka wa karatasi, wengine mwaka wa mzee. Ninyi mnafanyaje? Na tofauti hii inatoka wapi?

#2 Karani wa Zamani

Andika wa karatasi. Kumbukumbu ya mtu huvutwa na tukio kubwa lililo karibu, na hapo tukio kubwa ni Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963. Tena katika skimu, aliyeingia kabla ya Uhuru anahesabika mwanzilishi, na aliyeingia baada ni mgeni. Hakuna anayetaka kuwa mgeni. Miaka sitini ya kusimulia jambo hilohilo inausogeza mwaka nyuma polepole bila mzee kudanganya hata kidogo.

#3 Binti Miharati

Karani, umekimbilia akili ya mzee kabla ya kuuliza ni karatasi gani. Kwenye ile bahasha huwa mna karatasi za aina tano au sita, kila moja na tarehe yake:

barua ya kugawiwa ploti; stakabadhi ya malipo ya kwanza; hati ya mkopo wa ardhi; hati ya mkopo wa maendeleo, yaani ng'ombe, waya na mbegu; barua za kudaiwa malimbikizo; na mwisho kabisa, cheti cha kumiliki baada ya deni kuisha.

Mkopo wa ardhi ulikuwa wa miaka 30 na wa maendeleo miaka 10. Kwa hiyo karatasi za ploti moja zinaweza kutandaa miongo mitatu. Kabla hujamwambia mzee amekosea, soma kichwa cha barua. Nyingi zinazoitwa "barua ya ploti" nyumbani kwa watu si barua ya kugawiwa, ni hati ya mkopo, au ni nakala iliyotolewa upya baada ya ya kwanza kupotea.

#4 Mwalimu wa Jioni

Tuweke msingi kwanza, maana "skimu" imekuwa kapu moja la kila kitu.

Bodi ya kununua mashamba ya Wazungu na kuyagawa iliundwa 1961. Mpango mkubwa, ule wa ekari milioni moja, ukaanza 1962. Hadi unakamilika ulikuwa umegusa takriban ekari milioni 1.2 na familia kama 35,000 nchini, na Nyandarua ilibeba sehemu kubwa sana. Mashamba yalithaminiwa kwa bei za 1959. Palikuwa na skimu za watu wengi, zilizolenga wasio na ardhi wala kazi, na skimu za watu wachache, ambako mwombaji alitakiwa awe na mtaji na uzoefu wa kilimo. Benki ya Dunia na shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola walisimama zaidi upande wa hizi za pili. Zile za watu wengi zilitegemea fedha za serikali ya Uingereza.

Sasa tazama ramani. Skimu za kwanza za Kinangop zilianza kabla ya Uhuru. Mzee wa Njabini, Tulaga au Muruaki akikuambia 1962 au 1963, hakuna la kushangaza. Lakini lile eneo la Ol Kalou linaloitwa Salient serikali ililichukua 1964. Mzee wa huko akisema aligawiwa 1962, hapo kuna kitu cha kuuliza zaidi.

Kwa hiyo Mwanakipipiri, hao wazee wako ni wa skimu gani?

#5 Mwanakipipiri

Mwalimu, wamechanganyika. Tofauti kubwa zaidi ziko upande wa Ol Kalou. Kinangop zipo lakini ni ndogo.

#6 Kaimbaga Kwetu

Basi jibu umeshalitoa mwenyewe. Ol Kalou watu wengi hawakuingia skimu, skimu iliwakuta. Walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya Wazungu na Makaburu, wengine walizaliwa kwenye mashamba hayohayo. Serikali ilipochukua eneo, familia ilipewa ekari mbili na nusu za kujilimia na sehemu iliyobaki ikalimwa kwa ushirika. Mtu wa namna hiyo ukimwuliza "uliingia lini?" atakutajia siku aliyofika kwa yule Mzungu, au siku Mzungu aliyoondoka. Barua haimhusu.

Swali la kumwuliza ni hili: "Hapa ulipolala usiku wa kwanza, shamba lilikuwa la nani?" Akitaja jina la Mzungu, huyo alikuwa mfanyakazi. Akitaja namba ya ploti, huyo aliokota.

#7 Mjukuu wa Njabini

Swali zuri hilo la Kaimbaga. Ila naona wote mnamzungumzia mzee, na shosho yuko wapi?

Ploti iliandikwa kwa jina la mume. Mara nyingi mume aliokota namba, akaonyeshwa vigingi, akarudi Nairobi kazini au Murang'a kumalizia mambo, na mke ndiye aliyehamia na watoto na kuku. Kati ya siku ya namba na siku ya kulala hapo inaweza kupita misimu miwili. Mume akihojiwa anatoa mwaka wa namba. Mke akihojiwa anatoa mwaka wa baridi ya kwanza: umande ulioganda asubuhi, kibanda cha nyasi, maji ya mtoni yanayouma vidole. Kinangop iko juu ya mita 2,400, na mtu aliyetoka Kiambu hasahau mwezi Julai wa kwanza kule.

Wahojini mbali mbali. Ukiwaweka pamoja, mke atasema "muulize mzee" kwa saa nzima.

#8 Karani wa Zamani

Hilo la #7 linaniunga mkono. Kama mume na mke wanatofautiana, karatasi ndiyo mwamuzi.

#9 Binti Miharati

Mwamuzi wa nini? Karatasi inajua siku karani alipopiga muhuri. Haijui siku familia ilipolala pale. Hayo ni mambo mawili, na fomu yenu iwe na nafasi mbili. Mimi ningeweka nne: kufika eneo hilo mara ya kwanza, kuokota namba, kuhamia, na tarehe ya karatasi ikitajwa ni karatasi gani. Ukilazimisha nafasi moja, lazima mmoja aonekane mwongo.

#10 Fundi Sauti

Mkimaliza kugombania mwaka, hakikisheni kuna sauti ya kusikiliza. Rekodi nyingi za wazee wa Nyandarua zinaharibiwa na mambo manne: upepo, mabati, simu kuita na kinasa kuwa mbali.

Simu ya kawaida inatosha ikiwekwa vizuri. Weka hali ya ndege, kwani simu ikipigwa katikati, programu nyingi za kurekodi husimama na usigundue mpaka mwisho. Rekodi kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa. Kwa 44.1 kHz, biti 16, mkondo mmoja, saa moja ni karibu MB 318. Kwa 48 kHz na biti 24 ni karibu MB 520. Kama programu ina kitufe cha kupunguza kelele, kizime, maana kinakata miisho ya maneno ya mtu anayeongea taratibu.

Tumia maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, kama sentimita 20 chini ya kidevu, nje ya shuka na nje ya koti. Mzee akijifunika blanketi, maikrofoni inarekodi blanketi. Plagi iwe na pete tatu nyeusi kama unaichomeka kwenye simu yenye tundu la duara. Yenye pete mbili ni ya kamera na vinasa, na simu itaendelea kutumia maikrofoni yake ya ndani huku ukidhani uko salama. Jaribu hivi: kwaruza maikrofoni kwa kucha, kisha sikiliza kwa spika za masikioni. Usiposikia mkwaruzo mkubwa, haijashika.

Kiwango cha sauti kicheze karibu na -12 dB. Kikigusa 0 sauti imepasuka na hairekebishiki.

Mvua ya mchana ikianza kwenye mabati, simama. Huwezi kuiondoa baadaye. Kule Kinangop panga mazungumzo asubuhi, saa nne hivi, ukungu ukishapanda na ng'ombe wameshakamuliwa. Kaa chumba chenye makochi, pazia na vitambaa, si jikoni kwenye moto wa kuni unaopasuka. Kabla ya swali la kwanza rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba. Itakusaidia wakati wa kusafisha sauti.

#11 Viazi Vya Ndaragwa

Fundi umeandika mpaka upepo wa Kinangop ukasikika huku. Sisi Ndaragwa hatuna shida hizo, hali ya hewa yetu ina adabu. 😄

#12 Mjukuu wa Njabini

Viazi wewe subiri Julai. 😂

#13 Fundi Sauti

Nimesahau moja. Usitume rekodi kwa wenzako kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, inabanwa vibaya. Itume kama hati au nakili kwa waya. Na siku hiyohiyo iwe mahali patatu: kwenye simu, kwenye diski ya nje, na nakala moja iliyo katika nyumba nyingine kabisa. Usifute ya simu mpaka umefungua na kusikiliza mwanzo, katikati na mwisho wa zile nyingine mbili. Faili ikiitwa "Recording 14" imekufa. Anza na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kisha skimu, kisha namba ya msimulizi: 2024-08-17_Tulaga_07_a. Jina la mtu likae kwenye daftari peke yake, si kwenye jina la faili.

#14 Wakili wa Kijiji

Hapo kwenye jina nawaongezea. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sauti, jina, ploti na picha ya mzee ni taarifa zake binafsi. Mwombe ridhaa kabla ya kuwasha, kisha muombe tena ukishawasha ili isikike. Aambiwe vitu vitatu kwa lugha anayoielewa: rekodi itakaa wapi, nani ataisikiliza, na kwamba anaweza kuondoa kipande chochote. Asiyeandika aweke kidole gumba mbele ya shahidi.

Halafu kuna jambo zito zaidi, na hili kikundi kilichukulie kwa uzito. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, yaani miaka ya vita vya Mau Mau. Tangu hapo, mtu akija na kinasa na fomu, wazee wengi huamini nyuma yake kuna fidia. Usiposema wazi mwanzoni kwamba hakuna malipo wala orodha, utasikia masimulizi yaliyopangwa kumridhisha mtu wa fidia. Na pengine ndiyo sababu moja ya mwaka kurudi nyuma: anayetaka kuonekana aliteseka mapema anasogeza kila kitu mapema. Sisemi ni wote.

La tatu. Mzee akitamka "hii ekari tano nilimpa mdogo wangu" na mtoto wake akaisikia, umewasha kesi ya urithi. Sehemu kama hizo ziwekewe alama na zifungwe hadi familia ikubali.

#15 Mwalimu wa Jioni

Wakili amegusa Hali ya Hatari, nami niongeze. Ilianza Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Baada ya hapo vizuizi vya Wakikuyu kutembea vikalegea, na watu wakaanza kuvuka kwenda upande wa pili wa milima ya Nyandarua kutafuta vibarua na kusikilizia habari za ardhi, miaka miwili mitatu kabla ya kugawiwa chochote. Hayo ni maelezo mengine ya huo mwaka unaotangulia, mbali na yale ya Kaimbaga.

Na kumbukeni Mau Mau iliendelea kuwa chama kilichopigwa marufuku kisheria hadi 2003. Kuna watu waliofunga midomo kwa miaka hamsini. Usiulize habari za kiapo cha Mau Mau mbele ya wajukuu na jirani. Uliza juu ya kijiji cha 1954, nani alichimba handaki na nani alilinda. Mzee akitaka kufika kwenye kiapo atafika mwenyewe. Ndani ya skimu moja walikaa jirani aliyetoka kizuizini na aliyekuwa homugadi, mlinzi wa upande wa serikali, na bado wanauziana maziwa.

Kuhusu tarehe, msiulize mwaka. Ulizeni kilichokuwapo. Alipohamia, mtoto gani alikuwa mgongoni? Kadi ya ubatizo ya huyo mtoto ina tarehe. Siku ya Uhuru alikuwa wapi, na bendera aliiona akiwa amesimama wapi? Alisikia kifo cha waziri Tom Mboya (Julai 1969) akiwa na ng'ombe wangapi? JM Kariuki alipouawa, Machi 1975, mkopo ulikuwa umebaki kiasi gani? JM alikuwa mbunge wa huku, hakuna mzee wa Nyandarua asiyekumbuka alipokuwa siku hiyo.

Lakini kuna mitego. Mzee akisema "mwaka wa mahindi ya manjano", msikimbilie 1984. Mahindi ya manjano kutoka Marekani yaligawiwa pia 1965. Na akisema "shilingi" kabla ya Septemba 1966, ni shilingi ya Afrika Mashariki. Shilingi ya Kenya ilikuwa haijatoka. Deni lililoandikwa kwa pauni, zidisha kwa 20.

#16 Viazi Vya Ndaragwa

Mwalimu, kwa wakulima kuna kalenda nyingine nzuri: pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Karibu kila nyumba ya skimu ilipanda pareto kwa sababu ndiyo iliyoleta pesa ya kwanza. Maua yanachumwa kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne, yanaanikwa, na kilo nne au tano za maua mabichi zinatoa kilo moja kavu. Yalipelekwa kiwandani Nakuru na malipo yalitegemea nguvu ya dawa iliyopimwa ndani ya ua, si uzito tu. Shosho aliyechuma anakumbuka cheki ya kwanza na alichonunua nayo. Rudi nyuma kutoka hapo: miche ilipandwa lini, na shamba lilivunjwa lini kabla ya miche.

Mkimwuliza "mlipata shida gani?" atasema "shida nyingi" na kunyamaza. Mwulizeni pareto ilikaushwa wapi siku za ukungu. Hapo ataongea nusu saa.

#17 Mjukuu wa Njabini

Kwa mara ya kwanza Viazi ameacha viazi. Hoja imepita.

#18 Karani wa Zamani

Nimewasikia. Ila bado kuna karatasi msiyoitaja, kadi ya kijani ya ofisi ya ardhi. Kila ploti ina namba ya mtindo wa Nyandarua/Tulaga/ na tarakimu, na kadi hiyo inaonyesha nani aliandikwa kwanza, lini, mkopo uliwekwa lini na uliondolewa lini. Ombeni utafutaji rasmi wa namba hiyo. Kadi haina cheki ya pareto wala baridi ya Julai, ila haisahau.

#19 Binti Miharati

Haisahau, lakini inachelewa. Ploti za skimu ziliandikishwa baada ya kupimwa, na ramani ikikwama, uandikishaji unakwama. Tarehe ya kwanza ya kadi inaweza kuwa miaka kadhaa baada ya mtu kulima. Kisha jina la kwanza linaweza kuwa Settlement Fund Trustees, wadhamini wa mfuko wa ile mikopo, la pili mzee wako, na tarehe ya mzee ikawa ni ya siku alipomaliza deni. Ukiisoma haraka utaandika kwamba mzee aliingia 1990.

#20 Kaimbaga Kwetu

Na kuna waliobadilishana. Aliyepewa ploti ya kwanza alishindwa na marejesho au baridi, akaondoka, na mwingine akachukua kwa makubaliano ya mdomo. Jina kwenye karatasi likabaki la yule wa kwanza kwa muda mrefu. Hapo unaweza kukuta kinyume: karatasi ya 1963, na mzee anayekaa hapo alifika 1968. Kama familia inasita kutoa bahasha, isije ikawa ndiyo sababu. Msilazimishe.

#21 Nyota ya Shamata

Nimefuata uzi tangu mwanzo. Suala la kuandika sasa. Nani kati yenu anaandika neno kwa neno? Saa moja ya sauti hula saa tano au sita za kuandika, na Kikuyu cha wazee ni kigumu kwa vijana.

#22 Fundi Sauti

Usiandike yote kwanza. Tengeneza faharasa: kila dakika mbili, mstari mmoja wa kinachosemwa. "12:40, anavuka mto Malewa na mzigo." Kisha chagua sehemu zinazostahili kuandikwa kikamilifu. Kwa kuandika huku sauti na maandishi vikiwa vimefungwa pamoja, kuna programu ya bure inayoitwa ELAN.

Andika kwa lugha aliyoongea. Kikuyu kiwe na ĩ na ũ zake, maana bila alama hizo maneno mawili tofauti yanakuwa moja. Tafsiri ya Kiswahili iwe mstari wa chini, isichukue nafasi ya maneno yake. Vipimo viache kama vilivyo: ekari, debe, galoni, pauni. Ukibadilisha kuwa lita na kilo kichwani, makosa yako yanakuwa ya mzee.

Mahali usiposikia weka alama ya kuuliza na dakika yake. Usikisie.

#23 Nyota ya Shamata

Asante Fundi.

Naongeza la watu wanaoachwa. Mkihoji wenye ploti tu, mtaandika historia ya waliopata. Kuna wafanyakazi waliobaki bila kitu Wazungu walipoondoka, wakakaa kandokando ya barabara na kwenye vijiji vya msitu. Kuna wajane ambao ploti ilihamishiwa kwa shemeji. Na nyuma ya wote hao, ardhi ya Laikipia na kingo zake ilikuwa malisho ya Wamaasai kabla ya kuhamishwa kusini baada ya mkataba wa 1911. Mzee mmoja wa skimu akikuambia "tulikuta pori tupu", liandike alivyosema, halafu muulize mto na kilima vinaitwaje na nani aliviita hivyo. Ol Kalou, Ol Joro Orok na Ol Bolossat si majina ya Kikuyu.

#24 Mwalimu wa Jioni

Nyota umesema la msingi. Makao ya wilaya yenyewe yalikuwa Nyahururu, ambayo leo iko Laikipia, kwa hiyo anayetafuta barua za zamani za wilaya asiishie Ol Kalou. Aende pia Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka pale Moi Avenue, Nairobi.

#25 Karani wa Zamani

Narudi kwenye swali la #1, maana tumefika mbali. Binti ana nafasi nne za tarehe, Kaimbaga ana wafanyakazi, Mjukuu ana wake, Wakili ana fidia, Mwalimu ana waliovuka baada ya 1960. Yote yanawezekana. Lakini kijitabu kikichapishwa, juu ya picha ya mzee mtaandika mwaka mmoja. Upi?

#26 Binti Miharati

Kwa nini mmoja? "Alifika 1962, barua ya 1964." Maneno matano, na nafasi ipo.

#27 Karani wa Zamani

Msomaji ataona ni kosa la uchapaji.

#28 Mjukuu wa Njabini

Msomaji wa Nyandarua? Kila nyumba ina bahasha kama hiyo, atajua mara moja.

#29 Mwanakipipiri

Wakuu mmenipa kazi ya mwaka mzima. Swali moja la mwisho: kuna chanzo kingine cha tarehe nje ya mzee na nje ya Settlement?

#30 Kaimbaga Kwetu

Vitabu vya chama cha ushirika. Kila skimu ilikuwa na chama, na wanachama walipeleka maziwa na pareto kupitia humo. Leja ya maziwa ina namba ya mwanachama, tarehe na kiasi. Mstari wa kwanza wa namba ya mzee ni siku ambayo tayari alikuwa na ng'ombe anayekamuliwa. Pia daftari la josho: ng'ombe wa gredi walikufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, wasipooshwa, kwa hiyo walipelekwa joshoni tangu walipofika. Nyingi ziko kwenye stoo za vyama zilizofungwa, zikiliwa na panya na unyevu.

#31 Fundi Sauti

Mkizipata, ombeni barua ya kamati ya chama kwanza, na msizitoe nje ya jengo. Mikono iwe safi na mikavu. Leja iliyolowa isifunguliwe kwa nguvu. Isimamisheni mahali penye upepo na kivuli mpaka kurasa ziachane zenyewe, kamwe si juani. Pigeni picha karibu na dirisha, bila mweko, simu ikiwa sambamba na ukurasa, pembe zote nne zionekane. Anzeni na jalada, kisha kila ukurasa kwa mfuatano hata ulio mtupu, ili anayekuja baadaye ajue hamkuruka kitu. Rula iwe ndani ya picha ya kwanza. Watu wawili ndio kazi inaenda, mmoja anafunua na mwingine anapiga.

Leja ikiwa na mgongo uliokatika, msiishone wala msiibandike gundi ya karatasi. Ifungeni kwa utepe wa pamba, msalaba, si kwa mpira, mpira unayeyuka.

#32 Viazi Vya Ndaragwa

Na mwulizeni katibu wa zamani wa chama kabla ya kuvunja kufuli. Wengine walihamisha leja nyumbani kwao chama kilipofungwa, ziko chini ya kitanda, salama kuliko za stoo.